Usikate bomba kabla ya kompyuta kukubali

Ukiwa Nyeri mjini, panda hadi ghorofa ya nne ya jengo lolote halafu utazame mapaa. Utaona mabati, matangi meusi ya maji na antena. Antena moja inatazama Nyeri Hill. Ya jirani inatazama Mlima Kenya. Ya tatu imeinamisha kichwa kama mtu anayeomba msamaha. Nyumba mbili zinazogawana ukuta, zinazopokea vituo vilevile, na antena zao zimepeana mgongo. Kuna mmoja anayekosea hapo, na sitashangaa nikiambiwa ni wote wawili.

Sasa jiulize: pesa zilizotumika kununua na kufunga hayo yote zilikuwa ngapi, na ni nani aliyepiga hesabu kabla ya kupanda paa?

Nakuandikia kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea umeme, karo ikaisha kabla ya masomo. Sitaki pole. Naeleza tu ili ujue kwamba ninayokuambia hapa sikuyapata kwa digrii, maana sina.

Hadithi yangu inaanzia kwa shosho, Mukurwe-ini. Katika miaka miwili shosho alinunua antena tatu. Ya kwanza Sh1,500, ya pili Sh2,200, ya tatu Sh2,800 pamoja na busta. Hizo ni pesa za maziwa, shilingi kwa shilingi. Kila fundi aliyekuja alipanda juu, akazungusha chuma huku akipiga kelele "imeshika?", na shosho sebuleni akijibu "bado!" Mwishowe picha ilikuwa inakuja taarifa ya saa moja ikianza, na inaganda msomaji habari akitaja jina la Nyeri. Fundi wa mwisho alisema tatizo ni mlima. Mlima Kenya una mita 5,199, ni rahisi kuulaumu, hautajibu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawakuelezwa Kenya ilipohamia runinga ya dijitali mwaka wa 2015. Zamani antena mbaya ilikupa picha yenye chenga, lakini uliona mpira. Ukikosa kuona namba ya mchezaji, ulikisia. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakiwa juu ya kiwango fulani, picha inang'aa. Yakishuka kidogo tu chini ya hapo, picha inagawanyika vipande, kisha giza. Kwa hivyo antena ileile iliyotosha mwaka 2010 inaweza kukuangusha leo, na ukadhani king'amuzi ndicho kimeharibika. Watu wamenunua ving'amuzi vipya kwa sababu ya kosa lililokuwa juu ya mabati.

Turudi kwenye hiyo antena yenyewe. Lile umbo la mifupa ya samaki linaitwa Yagi-Uda. Ilitengenezwa Japani, Chuo Kikuu cha Tohoku, mwaka wa 1926. Shintaro Uda ndiye aliyetoa jasho kubwa la majaribio, profesa wake Hidetsugu Yagi akaiandikia makala kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, na dunia nzima ikashika jina la profesa. (Kama ulishafanyia mtu projekti chuoni, unajua uchungu huo.) Njia ya Uda ilikuwa kukata, kupima, kukata tena. Miaka 50 baadaye mambo yalikuwa karibu yaleyale. Mwaka 1976 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilichapisha kijitabu cha Peter Viezbicke kuhusu Yagi, chenye majedwali yaliyotokana na antena zilizojengwa kweli na kupimwa uwanjani. Ni kazi nzuri mpaka leo, ila haikuwa kazi ya mtu mwenye mfuko wangu.

Kilichobadilisha mchezo ni programu iitwayo NEC. Iliandikwa kwenye maabara ya Lawrence Livermore, California, na Gerald Burke na Andrew Poggio, kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Meli ya kivita ina antena nyingi zimesongamana kwenye chuma kimoja, na huwezi kukata meli ukijaribu. Toleo la pili, NEC-2, lilitoka mwaka 1981, na liko wazi kwa umma. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya manowari unaweza kukipakua ukiwa Skuta kwa bando la siku moja.

Inafanya nini? Inachukua waya wako, inaukata kimawazo vipande vidogo, kisha inauliza kila kipande: umeme ukipita kwako, unamsumbua nani? Kila kipande kinaathiri kila kingine. Ukiwa na vipande 100, una jedwali la mahusiano 10,000, na programu inalitatua lote kwa pamoja. Mwaka wa 1981 hiyo ilikuwa kazi ya kompyuta kubwa ya taasisi. Laptopu yangu ya mtumba, ambayo herufi "e" lazima uibonyeze mara mbili, inamaliza kabla sijapepesa macho.

Na wala si uchawi kuiandikia. Hii hapa antena rahisi kuliko zote, waya mmoja ulionyooka wa kupokea redio ya FM kwenye megahezi 100:

GW 1 21 0 -0.71 5 0 0.71 5 0.002

Usiogope. GW inamaanisha waya. Huu ni waya namba 1, umegawanywa vipande 21. Namba tatu zinazofuata ni mahali ncha ya kwanza ilipo, tatu nyingine ni ncha ya pili, na zote ziko mita 5 juu ya ardhi. Ile ya mwisho ni nusu ya unene wa waya, milimita 2. Kwa nini vipande 21 na si 20? Kwa sababu kebo inaungwa katikati, na namba witiri ndiyo iliyo na kipande cha katikati. Kwa nini mita 1.42? Gawanya 300 kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita: hapa ni 3. Nusu yake ni 1.5, kisha unapunguza kama asilimia 5 kwa sababu waya halisi una unene na ncha zake zina tabia zake. Mstari kama huo huitwa kadi mpaka leo, kwa sababu enzi hizo maagizo yalitobolewa kwenye kadi za karatasi.

Ukibonyeza, unapata mambo matatu ya maana. La kwanza ni ukinzani wa antena pale kebo inapoungwa. Waya wa nusu wimbi uko karibu na ohmu 73, na ndiyo maana unaelewana vizuri na kebo ya runinga ya ohmu 75. La pili ni kiasi cha mawimbi yanayokataa kuingia na kurudi yalikotoka. La tatu ndilo tamu: mchoro wa pande ambazo antena inasikia na pande ambazo ni kiziwi. Ukiuona mchoro huo mara ya kwanza, hutatazama paa la jirani kwa macho yaleyale.

Nilichukua utepe wa kupimia, nikateremsha antena ya pili ya shosho, nikapima kila kijiti na kila nafasi kati ya vijiti, nikaandika kadi zangu. Boksi lilikuwa limeandikwa desibeli 50. Programu ikaniambia desibeli 8 kwenye masafa ya juu kabisa, na takriban 3 kwenye masafa tuliyoyahitaji. Waya mmoja mtupu ni zaidi kidogo ya 2. Hebu fikiria: shosho alilipa Sh2,200 kwa mifupa ya samaki iliyomshinda waya wa kawaida kwa nywele. Zilizobaki kati ya zile 50 zilikuwa ni hesabu ya busta, na busta inakuza kila kitu inachopewa, mawimbi na kelele kwa pamoja. Ukiikuzia kelele, unapata kelele kubwa.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Sisemi mafundi wetu ni wezi. Wengi wanauza walicholetewa na kufunga walivyoonyeshwa. Tatizo ni kwamba hakuna kati yetu, muuzaji, fundi wala mnunuzi, aliyekuwa na namna ya kuuliza boksi swali. Sasa iko, ni ya bure, na bado hatuulizi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Na hata hiyo programu usiiamini kama nabii. Yagi yangu ya kwanza, iliyokuwa nzuri ajabu kwenye skrini, ilikuwa takataka juu ya mti. Nilikuwa nimefanya makosa mawili. Nilitumia waya wa umeme wenye plastiki yake, na plastiki huufanya waya ujione mrefu kuliko ulivyo. NEC-2 ya kawaida haijui plastiki, inadhani shaba iko uchi. Kisha nikapitisha vijiti ndani ya bomba la chuma huku kwenye modeli bomba hilo halikuwepo. Programu ilijibu kwa usahihi swali ambalo sikuwa nimelijenga. Nilikata vijiti upya, nikaweka mbao mahali pa bomba, na mambo yakasogea. Siku hizi naazima kwa rafiki kifaa kidogo kiitwacho NanoVNA, kinachoweza kunionyesha kama antena niliyoijenga inafanana na ile niliyoichora. Kama huna, bado modeli inakutoa kwenye giza hadi kwenye mwanga hafifu, na hiyo ni safari ndefu.

Kuna pia jambo ambalo NEC haitakuambia kamwe: bonde. Nawe unajua huku kwetu ardhi ilivyo. Kutoka Nyandarua mpaka Mlima Kenya ni mgongo, bonde, mto, mgongo tena, kama mabati yaliyokunjwa. Majirani wawili wanaosalimiana ng'ambo ya mto, mmoja ana mtandao wa kutosha kupiga simu ya video, mwingine anapanda mti wa mukima ili atume mesej. Kwa hilo kuna programu nyingine, Radio Mobile, ya Roger Coudé wa Kanada, nayo ni ya bure. Inatumia ramani ya miinuko iliyopimwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Unaipa mahali mnara ulipo na mahali nyumba ilipo, inakukatia ardhi kama keki na kukuonyesha kilichosimama katikati.

Kilichosimama katikati ya shosho na mnara hakikuwa Mlima Kenya. Ulikuwa mgongo mdogo wa shamba la kahawa, na nyumba imejificha nyuma yake. Antena tatu na mafundi watatu, na jibu lilikuwa mita 14 kuelekea ua wa juu, pale ardhi inapoinuka. Tuliweka mlingoti pale. Nililazimika kupiga hesabu ya kebo pia, maana mita 30 za kebo ya kawaida kwenye masafa ya runinga zinaweza kumeza zaidi ya nusu ya nguvu iliyopokelewa. Antena niliyoichora mwenyewe, vijiti vya alumini kutoka kwa jua kali wa Karatina na kipande cha mbao, ilinigharimu chini ya Sh700. Shosho anatazama taarifa. Busta iko kabatini, anahifadhia sindano za kushonea kwenye boksi lake.

Ningekuwa nazungumzia runinga tu, ungeweza kuniambia niache kelele, watu wanatazama kwa simu. Ila mwaka uliofuata dada yangu alimaliza kidato cha nne, na maombi ya chuo hufanywa mtandaoni. Pale nyumbani 4G ilikuwa inashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe karibu na zizi, na ikinyesha hushiki kabisa. Usiku wa mwisho wa maombi alikuwa juu ya hilo jiwe na mwavuli, ukurasa unazunguka tu. Alifaulu saa tano na nusu usiku. Mwanafunzi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu hakufaulu, akangojea raundi nyingine. Alama zao zilikuwa sawa. Nilishindwa kulala nikifikiria kwamba kilichowatenganisha ni jiwe.

Mitandao ya 4G hapa Kenya hutumia, kati ya masafa mengine, megahezi 800 na megahezi 1,800. Kwenye 1,800 nusu ya wimbi ni sentimita 8 na kidogo. Ukikosea kwa milimita 5 kwenye antena ya FM, hakuna atakayejua. Ukikosea milimita 5 hapa, umekosea kama asilimia 6 na kazi imeharibika. Hauwezi kubahatisha kwa koleo. Ndiyo maana kwa antena za intaneti modeli si anasa. Nilichora moja ya vijiti sita kwa ruta yenye tundu la antena ya nje, nikaikata kwa msumeno mdogo na faili, nikaielekeza juu ya mgongo uleule. Dada anasomea kitandani sasa.

Tahadhari moja hapa, soma vizuri. Antena isiyo na umeme, iliyounganishwa kwenye ruta yako halali, si sawa na zile "busta za mtandao" zinazouzwa kwa siri. Hizo zinarusha mawimbi zenyewe, zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na moja mbovu inaweza kuwaharibia mtandao kijiji kizima. Usinunue. Na mlingoti wa chuma usiupandishe karibu na nyaya za umeme, hata ukiwa umebaki kidogo tu. Ufunge waya wa ardhi pia. Radi za Aprili huku zinajua kutafuta chuma kirefu.

Huenda unafikiri haya ni mambo ya wazungu na maabara. Nanyuki, mwaka 2013, Microsoft na Mawingu walianza kupeleka intaneti Laikipia kwa kutumia nafasi tupu za masafa ya runinga, vituo vyao vikiendeshwa kwa jua. Julai 2015, siku Windows 10 ilipozinduliwa, Satya Nadella mwenyewe alikuwa Nanyuki. Nakumbuka picha: vijana wetu wametabasamu mbele ya skrini. Watumiaji. Nilitamani kuona hata mmoja akiwa ameshika antena na utepe. Hapa Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wameweka vihisi vya kupima kina cha maji katika mto Muringato, vinavyotuma takwimu kwa redio. Kihisi cha aina hiyo kikitumia megahezi 868 kinaweza kutosheka na kijiti cha sentimita 8.6. Kijiti! Mtu akijua kukipima na kukiweka mahali pafaapo, mkulima wa Tetu anaweza kujua tangi lake limejaa bila kutoka nyumbani. Kazi hiyo iko, inangoja mikono.

Kwa hivyo naomba, na nasema kwa sauti. Vyuo vya ufundi vya kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Laikipia vinafundisha vijana kufunga soketi na swichi. Wekeni wiki mbili za antena. Hamhitaji mtambo wowote: 4nec2 ya Mholanzi Arie Voors ni bure, xnec2c kwa wanaotumia Linux ni bure, MMANA-GAL ya msingi ni bure. Hata EZNEC, ambayo Roy Lewallen aliiuza kwa miaka mingi, aliiachilia bure alipostaafu mwaka 2022. Maabara za Jitume zina kompyuta tayari, na vijana wanafundishwa kazi za mtandaoni za kuandikia kampuni za mbali. Sina neno na hilo, chapaa ni chapaa. Lakini kompyuta hizohizo zinaweza kumtoa fundi anayeenda kwa shosho wa mtu akiwa na mchoro mkononi, amwambie "mama, nyumba yako iko nyuma ya mgongo, usinunue kitu kwanza, tusogeze mlingoti." Fundi huyo nitamlipa mara mbili. Nadhani hata wewe.

Nawe mwenye duka la hadiwea, mteja akikuuliza antena hii ina desibeli ngapi bila busta, usimjibu kwa hasira. Muulize aliyekuuzia.

Wiki hii jamaa wa Naro Moru amenipigia. Anataka antena ya ruta, nyumba yake iko upande wa mlima, na mnara anaouona kwa macho una watu wengi mno jioni. Nataka kumlenga mnara wa mbali na kuuziba ule wa karibu. Nimechora mara tisa. Kila mara kuna ulimi mnene unachomoza nyuma ya antena, unaelekea palepale nisipotaka. Anapiga simu kila siku kuuliza nimefika wapi. Namwambia bado. Alumini ipo, msumeno upo, na hakuna kijiti nitakachogusa mpaka huo ulimi upungue kwenye skrini.